Nyumba Yenu Haina Asubuhi

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni Jumapili iliyopita. Tunayachapa kwa ajili ya wasomaji wetu ambao hawakuwahi kuyasikia.)



Juma lililopita niliahidi kwamba leo tungeendelea na ile habari ya maji ya visima vya kuchimba. Naomba radhi, visima vitasubiri. Kuna jambo limetokea nyumbani kwangu ambalo limenikaa moyoni, na nimeona heri niliseme kabla halijapoa.

Mimi naishi Goba. Wazee wenzangu wataikumbuka Goba ya zamani, Goba ya mikorosho, miembe na mashamba ya mihogo, mahali ambapo mtu wa mjini alikwenda Jumamosi kuangalia shamba lake na kurudi kabla ya magharibi. Enzi hizo tuliihesabu kuwa Kinondoni. Leo iko Manispaa ya Ubungo, lami imefika, na vilima vile vyote vimejaa mapaa ya rangi rangi na kuta za uzio. Na mimi ni mmojawapo wa walioijaza. Nilianza msingi mwaka 2009, nikahamia mwaka 2014 nyumba ikiwa haina hata plasta, nikaimalizia kidogo kidogo kama tujuavyo sote.

Mwaka jana mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 79, aliteleza kule kwetu Upare akaumia nyonga. Haikuvunjika, lakini hakuweza tena kupanda na kushuka vile vilima peke yake. Tukamleta Dar es Salaam, tukampa chumba kizuri kuliko vyote. Kina kitanda kipana, choo cha ndani, feni, dirisha la alumini lenye kioo cha giza, na mapazia ya tabaka mbili. Juu, fundi alikuwa ameweka dari ya jipsamu yenye taa ndogo ndogo nyeupe 12 pembeni, na moja kubwa katikati. Ukiziwasha zote ungedhani umeingia chumba cha upasuaji. Nilijivunia sana chumba kile.

Wiki ya kwanza mama alikaa vizuri. Ya pili akaanza kubadilika. Usiku halali. Mchana anasinzia kwenye kiti. Jioni anakuwa mkali bila sababu, anamgombeza mkamwana wake kwa chumvi ya mchuzi ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyeitia. Mara nyingine tunamkuta ameketi kitandani analia kimya kimya. Ukimwuliza, "Mama, unaumwa?" anajibu, "Siumwi, mwanangu." Tukampeleka hospitali. Malaria, hakuna. Sukari, iko sawa. Presha, ya kawaida kwa umri wake. Daktari kijana, mpole sana, akatuandikia vidonge vya usingizi vya siku tano na kusema huenda ni mawazo ya uzee na ugeni wa mahali. Ndugu wengine wakaanza kunong'ona habari za kurogwa, maana kwetu hayo hayakosi.

Asubuhi moja, kama saa mbili na nusu hivi, niliingia nikamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda gizani. Nje jua linawaka, ndani pazia limefungwa. Nikawasha taa. Akafumba macho, akasema: "Zima hicho kidude. Mwanangu, nyumba yenu haina asubuhi."

Nikadhani ni malalamiko ya mgonjwa. Nikazima, nikatoka. Lakini neno lile halikutoka. Siku ile nikaanza kuitazama nyumba yangu kama mtu aliyeitwa kuipangisha, na nilichokiona kilinitia aibu.

Sebule yangu iko katikati ya nyumba, na dirisha lake kubwa linatazama ukuta wa uzio ulio hatua tatu tu kutoka hapo. Korido haina dirisha hata moja, taa inawaka humo saa sita za mchana. Vyumba vyote vina vioo vya giza, ili mpita njia asione ndani, ingawa mpita njia mwenyewe hawezi kuvuka uzio. Juu ya vioo kuna nyavu za mbu, juu ya nyavu kuna nondo, juu ya nondo pazia jepesi, na juu ya pazia jepesi pazia zito la rangi ya damu ya mzee ambalo mke wangu na mimi tuliligharimia kwa fedha ya upatu. Jua lenyewe, maskini, likifika ndani limekwisha choka. Kisha jioni saa moja tunabonyeza swichi, na nyumba nzima inakuwa mchana mweupe mpaka saa tano au sita za usiku.

Kwa maneno mengine, mchana tunaishi usiku na usiku tunaishi mchana. Na hili si langu peke yangu. Piteni Goba, piteni Madale, piteni Mbezi, nendeni hata Temeke na Mbagala kwenye nyumba mpya. Ramani ni ile ile, vioo ni vile vile, na taa ni zile zile.

Sasa ngoja tuulize, kuna ubaya gani? Mwanga si mwanga tu? La hasha. Hapa ndipo inabidi niwachokoze kidogo na habari za kitaalamu, nami nitajitahidi zisiwe ndefu.

Mwili wa binadamu una saa. Sisemi kwa mfano, nasema saa kweli, iliyomo ndani ya ubongo, ambayo huamua lini joto la mwili lipande, lini njaa ije, lini usingizi ushuke. Mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kuonyesha, kwa kuchunguza vijinzi wadogo wa matunda, jinsi saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya kila chembe ya mwili. Tatizo la saa hiyo ni kwamba kwa watu wengi inachelewa kidogo. Mzunguko wake unapita saa 24 kwa dakika chache. Kwa hiyo kila siku lazima irekebishwe, kama ile saa ya ukutani ya babu iliyokuwa ikichelewa na kila asubuhi ikisogezwa kwa taarifa ya habari ya redio. Kinachoirekebisha saa ya mwili ni mwanga, na hasa mwanga wa asubuhi.

Ajabu nyingine ni hii. Kwa zaidi ya miaka mia moja wataalamu waliamini jicho lina aina mbili tu za chembe za kupokea mwanga, yaani zile za kuonea mchana na rangi, na zile za kuonea gizani. Mwaka 2002 David Berson wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, na wenzake wakathibitisha aina ya tatu. Hizi kazi yake kubwa si kukuonyesha sura ya jirani. Kazi yake ni kuupelekea ubongo habari kwamba sasa ni mchana au sasa ni usiku. Nazo huamshwa zaidi na mwanga wenye rangi ya bluu, kama ule wa anga ya asubuhi. Mwanga wa njano au mwekundu, kama wa moto, huzigusa kidogo tu. Giza likiingia na chembe hizi zikitulia, ubongo hutoa homoni iitwayo melatonini, ambayo ni kama adhana ya usiku kwa mwili mzima. Ukiwasha taa kali nyeupe, adhana inakatizwa.

Kuhusu ukali wa mwanga, wataalamu wana kipimo kiitwacho luksi. Nje, kwenye jua la mchana, unapata luksi zinazofika 100,000. Hata kivulini barazani unaweza kupata elfu kadhaa. Lakini ndani ya sebule ya mapazia mazito mara nyingi hazifiki hata mia. Jicho letu linatudanganya, kwa kuwa linazoea haraka, tukadhani tofauti ni ndogo. Saa ya mwili haidanganyiki. Yenyewe inahesabu.

Mwaka 2011 watafiti wa Boston, akiwemo Joshua Gooley, walichapisha uchunguzi wa watu 116. Waliwaweka kwenye mwanga wa kawaida wa chumba, usiofika luksi 200, kwa saa kadhaa kabla ya kulala, kisha wakawalinganisha na hali ya mwanga hafifu sana. Mwanga wa chumba tu, si wa uwanja wa mpira, ulifupisha muda wa ile homoni ya usiku kwa dakika zipatazo 90. Yaani usiku wa mwili unapunguzwa kwa saa moja na nusu, na mwenyewe huna habari.

Na je, mwanga una uhusiano gani na furaha au huzuni? Hapa kuna kisa kinachotuhusu Waafrika kuliko tunavyodhani. Mwaka 1976 daktari kijana aitwaye Norman Rosenthal alihama Johannesburg, mji wa jua, akaenda kufanya kazi New York. Majira ya baridi yalipoingia, siku zikafupika, akajiona anaishiwa nguvu na uchangamfu. Majira ya kuchipua yalipokuja, akapona. Wengine wangelisahau. Yeye alilifuatilia, na mwaka 1984, pamoja na wenzake katika taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani, akaeleza kitaalamu ugonjwa wa huzuni unaokuja na majira ya giza. Dawa waliyoijaribu ilikuwa taa kali, mgonjwa anakaa mbele yake. Siku hizi mgonjwa wa namna hiyo huketi karibu nusu saa kila asubuhi mbele ya taa ya luksi 10,000.

Fikirini, ndugu wasikilizaji. Mzungu wa Ulaya ya kaskazini ananunua taa kwa fedha nyingi ili apate kidogo tu cha kile ambacho Mungu anatumwagia bure kuanzia Goba mpaka Kigamboni kila siku. Hapa kwetu tofauti ya siku ndefu na siku fupi kwa mwaka mzima haifiki hata saa moja. Hatuna majira ya giza. Basi sisi tumeamua kuyatengeneza wenyewe, kwa kioo cha giza na pazia zito.

Ajabu ni kwamba lugha yetu yenyewe inajua. Mwingereza akisema saa moja, anahesabu kutoka katikati ya usiku, wakati hakuna mtu anayeona chochote. Mswahili anaanza kuhesabu jua linapochomoza. Saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya jua. Mama yangu hajasoma kitabu cha daktari hata kimoja, lakini kwa miaka 79 ameishi kwa hesabu hiyo. Kule Upare alifungua mlango wa jiko alfajiri, akakoka moto, akaenda kwenye migomba, jua likimpiga usoni. Nikamchukua nikamfungia ndani ya sanduku la vioo, kisha nikamshangaa anaumwa nini.

Kuna uchunguzi mwingine uliofanywa hapa hapa Tanzania. Mwaka 2015 Jerome Siegel wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na wenzake, walichapisha habari za usingizi wa watu wazima 94 wa jamii tatu zisizotumia umeme. Walikuwa Wahadzabe wetu wa kaskazini mwa Tanzania, Wasani wa kusini mwa Afrika, na Watsimane wa Bolivia. Watu wengi walitegemea kusikia kwamba hao hulala mara jua linapotua. Sivyo. Kwa wastani walilala saa tatu na zaidi baada ya jua kutua. Walikaa, wakaota moto, wakaongea. Wala hawakulala saa nyingi kuliko sisi. Lakini mwanga mwingi kuliko wote wa siku waliupata asubuhi, na jua la adhuhuri walilikimbia kivulini. Ukosefu wa usingizi, huu unaotusumbua mijini, kwao ulikuwa nadra. Kwa hiyo tusije tukasema dawa ni kurudi kulala na kuku. Waliupata mwanga wao asubuhi, na usiku wakatosheka na ule wa moto.

Sasa niseme habari ya taa zenyewe, maana hapo ndipo tunapotoa fedha.

Nilipomwambia fundi wangu wa umeme kwamba nataka taa za mwanga wa njano vyumbani, alicheka. "Mzee," akasema, "taa za njano ni za gesti na baa. Watu wa heshima wanaweka nyeupe." Simlaumu. Kwetu mwanga wa njano una historia. Ni koroboi, ni kibatari, ni chemli yenye kioo kilichopasuka na kuzibwa kwa karatasi. Ni moshi puani na masizi darini, na wako watoto walioungua. Mimi nimesomea koroboi, na sitaki mtu anisimulie utamu wake. Umeme wa kwanza wa hadhara Dar es Salaam uliletwa na serikali ya Kijerumani mwaka 1908, kwa ajili ya karakana za reli na mitaa waliyokaa wao wenyewe. Mwananchi wa kawaida alisubiri miongo mingi. Alipoupata, akapambana na mgawo, wa mwaka 1992, wa 1994, wa 2006, wa 2011. Tumelisubiri Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye mitambo tisa ya megawati 2,115 kwa jumla, ambalo mtambo wake wa kwanza ulianza kutoa umeme mwaka 2024. Watu waliokaa na kiu namna hiyo huwezi kuwaambia kwamba mwanga unaweza kuzidi. Kwetu mwanga mweupe mkali ni ushahidi kwamba mtu ametoka gizani.

Lakini tuelewe tunachonunua. Hizi taa za LED zilizojaa Kariakoo ni kitu kizuri sana kwa mfuko. Taa ya wati 9 inakupa mwanga wa glopu ya zamani ya wati 60, na luku inajua tofauti. Waliogundua taa ya bluu ya namna hii, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa Nobel ya fizikia mwaka 2014, na walistahili. Ila sikilizeni neno hilo, bluu. Ndani ya taa nyeupe ya LED mna kipande kidogo kinachotoa mwanga wa bluu, kilichofunikwa na unga wa njano ili mchanganyiko uonekane mweupe. Unga ukiwa mwingi na wenye wekundu, mwanga unakuwa wa njano, wa jioni. Ukiwa kidogo, unabaki mweupe wenye bluu, wa asubuhi.

Boksi lenyewe linakuambia. Tazama namba yenye herufi K mwisho. Ikiwa 6500K, huo ni mwanga wa mchana. Ikiwa 3000K au 2700K, huo ni wa jioni, karibu na ile glopu yetu ya zamani. Namba inapanda huku mwanga unazidi kuwa wa baridi, msiniulize kwa nini waliipanga hivyo, lakini ndivyo ilivyo. Dukani nyeupe ndiyo inayopangwa mbele, ya njano unaletewa kutoka nyuma ikiwa na vumbi. Bei nilizoulizwa mimi zilikuwa zile zile.

Sijasema tung'oe taa nyeupe zote. Jikoni unapokata nyama unataka kuona kidole chako. Mtoto anayesoma anahitaji taa nzuri mezani. Na mzee ndiye anayehitaji mwanga mwingi kuliko kijana, kwa sababu lenzi ya jicho inaingia ukungu na manjano kwa umri. Jicho la mtu wa miaka 60 linapitisha ndani kama theluthi tu ya mwanga unaopita jicho la kijana wa miaka 20. Kwa hiyo mzee apewe mwanga mwingi mchana, na usiku apewe kidogo cha njano, cha chini, kando ya njia ya chooni, asije akaanguka. Mimi nilifanya kinyume kabisa. Mchana nilimnyima mwanga, usiku nikammulika.

Basi tukaanza matengenezo. Pazia zito likashuka, likabaki jepesi. Kitanda tukakigeuza. Taa zile 12 nikamwambia fundi azikate, abakize mbili, tena za njano. Akafanya huku akisikitika kama mtu anayenyoa shamba la mahindi mabichi. Na kila siku saa moja asubuhi mjukuu akawa anamsindikiza bibi yake mpaka mlango wa jikoni, unaotazama mashariki, anakaa kwenye kigoda na kikombe cha uji mpaka saa mbili, tatu.

Usiku wa kwanza tukagundua balaa jipya. Pazia zito lilikuwa linatukinga na kitu tulichokuwa tumekisahau, yaani taa ya ulinzi ya jirani. Ni ile mikubwa ya bapa, nyeupe, imefungwa juu ya ukuta, inawaka kuanzia magharibi mpaka alfajiri, na imeelekezwa moja kwa moja kwenye dirisha la mama. Kivuli cha nondo kilikuwa kinaonekana ukutani kama jela.

Nikaenda kwa jirani. Ni mama mtu mzima kuliko mimi, mjane, muuguzi mstaafu. Nikamwamkia, akanikaribisha chai. Nilikwenda na hasira zangu zimepangwa vizuri, lakini kabla sijasema akanisimulia mwenyewe. Miaka mitatu iliyopita, mumewe akiwa ametoka kuzikwa hata arobaini haijafika, waliingia wezi usiku. Walichukua televisheni, simu, na fedha za rambirambi. Yeye alikuwa chini ya kitanda na mjukuu, ameuziba mdomo wa mtoto kwa kiganja. "Toka siku hiyo," akasema, "giza silipendi. Hata ndani nalala taa inawaka."

Mngenishauri niseme nini hapo? Taa inayomnyima mama yangu usingizi ndiyo inayompa jirani yangu usingizi kidogo alio nao. Nikanywa chai. Nikamweleza habari ya mama, taratibu. Akawa kimya, kisha akauliza umri wake, anatembeaje, anakula nini, kiuguuzi kabisa. Mwisho tukakubaliana jambo. Taa isizimwe, bali ishushwe, imulike chini kwenye ukuta na geti lake na si ng'ambo. Mwizi hatembei angani. Kwa kweli taa inayomulika macho humsaidia hata mwizi, kwa sababu nyuma yake huoni kitu. Fundi wangu yule yule alipanda ngazi, akaigeuza, kazi ya dakika kumi. Gharama nilitoa mimi. Kuhusu taa yake ya chumbani sikumgusa. Hofu yake si kitu cha kutibiwa na fundi umeme.

Na hapo niseme wazi, ili nisieleweke vibaya. Mtu aliyekata tamaa wiki baada ya wiki, asiyekula, asiyeona sababu ya kuamka, asiambiwe afungue pazia. Huyo ni mgonjwa, apelekwe hospitali aonwe na wanaohusika, na huduma ya afya ya akili ipo, Muhimbili ipo. Mwanga ni kama maji safi, unapunguza maradhi lakini hauondoi haja ya daktari.

Walionisumbua zaidi katika kulifikiria jambo hili ni watoto wetu. Mabasi ya shule yanapita Goba kabla ya saa kumi na mbili, mtoto anaondoka gizani. Jioni anarudi amechoka, anakaa chini ya taa nyeupe na simu usoni mpaka saa nne, saa tano. Asubuhi tunamtoa kitandani kwa kelele, tunasema mvivu. Na baba na mama ndivyo hivyo hivyo. Foleni alfajiri, ofisi yenye vioo vya giza, foleni magharibi. Wako watu wa Goba ninaowajua ambao hawajaiona nyumba yao kwa mwanga wa jua tangu Jumapili iliyopita. Kisha wanajenga baraza nzuri ya nguzo mbele, na hakuna anayeikalia.

Zamani, kwenye nyumba zetu za Kiswahili kule Magomeni na Temeke, nyumba ya vyumba sita na korido katikati, chumba kilikuwa giza pia, tena giza kuliko hizi zetu. Lakini hatukuishi chumbani. Mchana tulikuwa uani au barazani, chumba kilikuwa cha kulala na kufungia sanduku. Tulipojenga hizi mpya tulichukua giza la chumba, tukaliacha nyuma jua la uani.

Mnaojenga sasa, kabla fundi hajamwaga linta, simameni kwenye kiwanja saa moja asubuhi mtazame jua linatoka wapi, na hapo pawekeni dirisha la jiko au la chumba cha wazee. Chukueni kioo cheupe badala ya cha giza upande usiotazamwa na mtu. Rangi ya ndani iwe nyeupe au ya maziwa, maana ukuta mweusi unameza mwanga. Ambao tumekwisha jenga, kama mimi, tuanze na pazia, halafu glopu ya chumba cha kulala.

Mama anaendeleaje? Mnaweza kuuliza. Sitawadanganya kwamba amekuwa msichana. Ziko siku anaamka saa nane za usiku akaita jina la marehemu baba. Lakini kilio kimeisha, ukali wa jioni umepungua, na usiku mwingi analala mpaka adhana ya alfajiri ya msikiti wa jirani. Juzi nilimkuta kwenye kigoda chake anachambua mchicha, na yule jirani muuguzi amekaa pembeni yake, jua linawapiga wote wawili miguuni. Wanazungumza habari za waume zao. Nikapita kimya kimya, nikaenda zangu kazini.